Chekiapu ya Tineja Marekani ni Bure, Sasa Hiyo Bili Imetoka Wapi?

Wasee, hizo matangazo mmeziona. Kazi ya onlaini, laptopu na neti tu, unafanyia hosi ya Marekani ukiwa kwa keja yako Rongai ama Umoja. Ukifungua unapatana na jina refu la Kizungu, medical billing and coding, na kuna msee kwa komenti anakushow ati ni kujaza fomu tu.

Zii. Hii ni kazi ya kugeuza kila kitu chenye daktari alifanya kuwa namba. Kampuni ya bima haijawahi kuona mgonjwa, haijui kama alikuwa analia ama anacheka, yenyewe inaona namba tu. Zikikubaliana, doo inatoka. Zikikosana, ama kliniki inalala njaa, ama mathe fulani huko Minnesota anafungua barua anapata anadaiwa pesa ya kitu chenye aliambiwa ni bure.

Kwa hivyo leo tuchukue kipande kimoja tu cha hii kazi: ziara ya kila mwaka ya tineja, ile ya kumwangalia akiwa mzima, haumwi popote. Ukiiskia unadhani ndio rahisi kuliko zote. Ndio inapigaga watu chenga zaidi. Na hata kama huna mpango wa hii kazi, kama uko na anti ama kasee wako alihamia majuu na watoi, kuna siku utaulizwa hii story juu wewe ndio "unajua mambo ya kompyuta".

Ubure ulitoka wapi

2010 Marekani ilipitisha sheria ya afya yenye watu huita Obamacare. Ndio, huyo huyo wa babake wa Kogelo. Sheria ikasema mipango mingi ya bima lazima ilipe kila kitu kwa huduma za kuzuia ugonjwa, bila mgonjwa kutoa kitu mlangoni, bora aende kwa kliniki yenye iko kwa mtandao wa bima yake. Kwa watoi na matineja, orodha ya nini kinafanywa umri gani inaitwa Bright Futures, na inatoka kwa chama cha madaktari wa watoto, American Academy of Pediatrics. Kutoka miaka 11 hadi 21, orodha inataka ziara moja kila mwaka.

Sasa shika hii vizuri: bure ni ile ziara ya kuzuia. Si kila kitu chenye kitafanyika ukiwa ndani ya hicho chumba. Hapo ndio vita yote huanzia.

Namba mbili, maswali mawili

Kila klemu yenye kliniki inatuma iko na aina mbili za namba. Ya kwanza inaitwa CPT, na wenyewe ni American Medical Association. Hii inajibu swali moja: ulifanya nini? Ya pili ni ICD-10-CM, yenye Marekani ilianza kutumia Oktoba 2015. Hii inajibu: juu ya nini?

Ziara ya tineja wa miaka 12 hadi 17 iko na CPT mbili. Kama ni mgeni kwa hiyo kliniki, 99384. Kama ni mwenyeji, 99394. Na mgeni hapa si mtu daktari amemsahau sura. Kama katika miaka 3 iliyopita ameonwa na huyo daktari, ama daktari mwingine wa fani hiyo hiyo ndani ya hilo kundi la kliniki, huyo ni mwenyeji, hata kama wamebadilisha jengo. Mgeni hulipwa zaidi, so ukiandika mgeni wakati ni mwenyeji, bima inakurudishia klemu na swali juu yake.

Halafu birthday. Mtoi wa miaka 11 na miezi 11 bado anasoma namba ya watoi wadogo, 99393 kama ni mwenyeji. Wiki moja baadaye akifikisha 12, ni 99394. Akifika 18 anahamia 99395, namba moja na msee wa miaka 39. Umri wenye unahesabika ni wa ile siku alionwa, si siku wewe ulikaa chini ukaanza kuandika. Kama ulikuwa na backlogi ya wiki tatu na kijana akawa na birthday hapo katikati, usiingizwe boksi na kompyuta.

Upande wa "juu ya nini", hadi miaka 17 unatumia Z00.129 kama daktari hakupata noma yoyote, na Z00.121 kama amepata kitu. Akifika 18 hizo zinakufa, unaingia kwa Z00.00 na Z00.01 za watu wazima. Yaani birthday ya 18 inabadilisha namba zote mbili siku moja. Ukibadilisha moja na usahau ya pili, mashini ya bima inakataa kabla binadamu yeyote aone.

Na hapo kwa "amepata kitu" watu huteleza sana. Kama kijana ako na pumu ya kitambo, ametulia, dawa inafanya kazi, hiyo si kitu kipya, bado ni Z00.129 na pumu unaiandika pembeni. Lakini kama leo amekuja anakohoa, pumu imepanda kuliko kawaida, sasa hiyo ni Z00.121.

Penye bili huzaliwa

Tuendelee na huyo kijana. Ako na miaka 15, ni mwenyeji, amekuja chekiapu. Daktari anampima presha, urefu, uzito, macho, anaongea na yeye mambo ya shule na usingizi. Hiyo yote iko ndani ya 99394. Mathe hatoi kitu.

Halafu mathe anasema, "Daktari, ukiwa hapo, hii kifua yake imemsumbua wiki mbili." Daktari anasikiliza mapafu, anauliza maswali yake, anabadilisha dawa, anaandika mpango mpya. Sasa hiyo ni kazi ya pili. Si chekiapu tena, ni matibabu. Sheria za namba zinamruhusu daktari aandike ziara ya pili siku hiyo hiyo, tuseme 99213, na aibandike alama ndogo inaitwa modifaya 25. Hiyo 25 inaambia bima: hii ni kazi tofauti, kubwa ya kutosha kusimama peke yake, msiizike ndani ya chekiapu.

Bila hiyo 25, bima inalipa moja na kutupa ingine. Ikiwa na 25, bima inalipa zote mbili, lakini hiyo 99213 haiko kwa orodha ya bure. Inafuata masharti ya kawaida: ile pesa ya mlangoni, ama ile hesabu ya kila mwaka yenye familia lazima imalize kwa mfuko wake kabla bima ianze kuchangia. Ndio bili ya mathe imetoka hapo. Hakuna mwenye alimuibia. Lakini pia hakuna mwenye alimwambia, na kwa maoni yangu hiyo ndio aibu kubwa kwa huu mfumo. Swali la sekunde kumi limegeuka deni, na mwenye aliuliza hakujua swali liko na bei.

Sasa upande wa pili wa hiyo shilingi. Kuna kliniki zenye zinaweka 25 kwa kila chekiapu, mtoi akitajwa tu ako na chunusi mbili. Kama daktari aliangalia tu akasema "osha uso, itaisha", hiyo si ziara ya pili. Kuiandika ni kupandisha bili, na kule hiyo ni kesi. Hata hapa home tunaijua hiyo tabia: 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kibao kwa madai ya kudanganya SHA, na moja ya hizo mbinu ilikuwa kumwandika mgonjwa wa kuingia na kutoka kama mtu alilazwa. Namba tofauti, ujanja ule ule.

Kwa hivyo kabla uweke 25, fungua maandishi ya daktari. Kuna historia ya huo ugonjwa? Kuna uamuzi alifanya, dawa alibadilisha, kipimo aliitisha? Kama hakuna, achana nayo. Chenye hakijaandikwa hakikufanyika, hata kama daktari anaapa kwa simu.

Chanjo: hesabu ya vidole

Hapa kliniki nyingi huacha doo mezani. Chukua mtoi wa miaka 12 amepewa chanjo tatu siku moja: Tdap ya pepopunda, dondakoo na kifaduro, MenACWY ya homa ya uti wa mgongo, na HPV, ile ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi na zingine. (HPV unaijua, hapa Kenya tulianza kuwapa wasichana wa miaka 10 bure 2019. Marekani inapewa wasichana na wavulana.)

Kila chanjo iko na namba ya dawa yenyewe: Tdap 90715, HPV 90651, na MenACWY inategemea ni ya kampuni gani, so soma jina kwa chupa. Halafu kuna namba za kazi ya kuchoma. Kama daktari ama muuguzi mwenye ameruhusiwa aliongea na familia kuhusu chanjo, na mtoi hajapita miaka 18, unatumia 90460 kwa ugonjwa wa kwanza ndani ya kila sindano, na 90461 kwa kila ugonjwa wa kuongeza ndani ya sindano hiyo hiyo.

Sasa hesabu. Sindano ni tatu, so 90460 mara tatu. Tdap iko na magonjwa matatu ndani, wa kwanza umeshahesabu, wamebaki wawili, so 90461 mara mbili. HPV na MenACWY kila moja inahesabiwa kama kitu kimoja, hakuna cha kuongeza. Jumla ni tatu na mbili. Msee asiyejua ataandika 90460 mara moja, aende kulala. Na usisahau Z23 upande wa sababu, na bima zingine zinataka ile 25 kwa 99394 pia chanjo zikiwa hapo.

Lakini kuna mtego. Marekani iko na mpango wa serikali unaitwa Vaccines for Children, umekuwa ukifanya kazi tangu 1994, wenye unapea kliniki chanjo vako kwa watoi wa familia hazina uwezo ama hazina bima. Kama hiyo chupa ilitoka huko, huwezi itisha pesa ya dawa. Unaitisha kazi ya kuchoma tu, na kila jimbo liko na venye linataka uandike. Ukiitisha pesa ya dawa ya bure kwa serikali, hiyo si makosa ya kuandika tena.

Karatasi ya maswali 9

Kutoka miaka 12, orodha inataka kila tineja aulizwe kuhusu msongo wa mawazo kila mwaka. Kliniki nyingi hutumia PHQ-9: maswali 9, alama 0 hadi 27. Swali la mwisho linauliza kama amekuwa na mawazo ya kujiumiza ama ya kuona afadhali afe. Kijana mwenye hajawahi kufungulia mtu yeyote moyo anaweza weka tiki hapo, kwa karatasi, juu karatasi haimkodolei macho.

Hiyo karatasi iko na namba yake, 96127, na inalipwa kando na chekiapu, bora iwe imejazwa, imehesabiwa alama, na alama zimeandikwa kwa faili. Ukiwa coder na unaona PHQ-9 kwa faili kila siku na hakuna 96127 kwa klemu, pigia kliniki. Pesa yenyewe ni kidogo. Lakini kitu chenye hakilipwi ndio hukuwa cha kwanza kuachwa siku kliniki ikiwa bize, na hiki si kitu cha kuachwa.

Barua inaenda kwa nani

Hapa ndio sitaki usome mbiombio.

Kule, mtoi anaweza kaa kwa bima ya mzazi hadi miaka 26. Mwenye bima ni mzazi. Na kila klemu ikishalipwa, kampuni ya bima inatuma barua inaitwa EOB, yenye inaeleza nani alionwa, lini, wapi, huduma gani na nani amelipa ngapi. Si bili, lakini inasomwa na mwenye bima. Mzazi.

Sasa msichana wa miaka 16 ako ndani ya chekiapu. Kuna dakika daktari huomba mzazi atoke nje, waongee wawili. Hiyo ni kawaida na inapendekezwa. Hapo msichana anasema ukweli, anaomba kupimwa magonjwa ya zinaa. Majimbo yote 50 yanaruhusu tineja kukubali mwenyewe huduma za magonjwa ya zinaa, ingawa kila jimbo liko na masharti yake. Daktari anampima, anamhakikishia itabaki kati yao. Ni ukweli. Daktari hatasema.

Halafu wewe, ukiwa Rongai saa tano usiku, unaandika kipimo na unaweka Z11.3 kama sababu, venye kitabu kinasema. Uko sawa kabisa. Klemu inalipwa. Na wiki mbili baadaye bahasha inaangukia kwa boksi la posta la mzae.

Ndio maana kabla klemu ya tineja yenye kipimo kama hicho iondoke, unaangalia kama kuna alama ya usiri kwa faili. Sheria ya siri za wagonjwa, HIPAA ya 1996, inampa mgonjwa haki ya kuomba bima imtumie mawasiliano yake kwa anwani ama njia ingine. Massachusetts ilipitisha sheria ya kulinda hizi barua 2018, na ya California yenye ilianza kutumika Julai 2022 inataka bima isipeleke habari za huduma nyeti kwa mwenye bima bila ruhusa ya mwenye alihudumiwa. Majimbo mengi hayana ulinzi wa hivyo. Kliniki zingine hutumia pesa za serikali za upangaji uzazi ili bima isiguswe kabisa, ama zinaelekeza msichana kwa kliniki yenye inaweza. Hiyo si kazi yako kuamua. Yako ni kusimamisha klemu na kuuliza. Ikishaenda, hakuna namba ya kuirudisha.

Na usidhani dawa ni kuandika sababu ya uongo ndio barua isomeke poa. Ukibadilisha Z11.3 iwe kitu kingine chenye daktari hakuandika, umetoka kwa huruma ukaingia kwa ulaghai, na faili ya msichana sasa iko na ugonjwa hana.

Vitu vidogo vyenye huudhi

Bima zingine zinahesabu mwaka kwa kalenda, zingine zinataka siku 365 zipite. Kijana alikuja Agosti 20 mwaka jana, amerudi Agosti 12 mwaka huu juu shule inafungua, na klemu inakataliwa kwa siku nane. Kliniki yenye iko na mtu wa bili amechangamka inaangalia hii kabla ya kumwekea siku.

Kuna pia fomu ya michezo. Mtoi anataka kucheza basketi, shule inataka daktari aweke sahihi. Wazazi humkimbiza kliniki ya haraka, inaandikwa Z02.5, na bima nyingi hazilipi hiyo. Kama chekiapu ya mwaka huu haijafanywa, afadhali ifanywe yote, fomu ijazwe hapo hapo.

Sasa kazi yenyewe

Kama bado uko hapa, pengine uko na kichwa ya hii job. Asubuhi ya saa mbili New York ni saa tisa ama saa kumi mchana Nairobi, inategemea kama wamesogeza saa zao, so shifti inakumalizia usiku wa manane. Kliniki za California hata mbaya zaidi, unaanza jioni. Namba za CPT hubadilika kila Januari 1, za ICD-10-CM kila Oktoba 1, kwa hivyo kitabu cha mwaka juzi chenye unauziwa kwa Telegram ni cha kufungia mandazi.

Cheti chenye wengi huko wanatambua ni CPC cha AAPC: maswali 100, saa nne, unahitaji asilimia 70. Ukipita bila uzoefu wa kazi jina lako linabebaga A mwishoni, ya mwanagenzi, hadi uzoefu uhesabike. Mtu akikuitisha pesa ya "kukuunganisha na kliniki" bila kukuuliza 99394 ni nini, toa mguu. Na majimbo mengine hayaruhusu data za wagonjwa wa Medicaid, ile bima ya serikali ya wasiojiweza, kushughulikiwa nje ya Marekani, so ukipewa mteja wa hivyo uliza kwanza kama mkataba unaruhusu.

Na laptopu yenye iko na faili za hawa watoi si ya kuazima roommate aangalie movie.